"Sawa" Siyo Jibu: Mwongozo wa Kuelewana Kazini kwa Timu ya Msimu wa Korosho

Jioni moja katikati ya msimu nilisimama kwenye ghala nikawaambia vijana wa mzigo, "Magunia ya kesho yawekeni mbele." Wakaitikia kwa sauti moja: "Sawa, bosi." Nikapanda bodaboda nikaenda zangu nyumbani. Asubuhi lori limeshafika, nafungua mlango, naona magunia ya lori yamebanwa ukutani huko ndani kabisa, na mzigo mwingine umepangwa kuyaziba mpaka karibu na paa.

Kwangu mimi mbele ya ghala ni mlangoni, kama mbele ya nyumba ilivyo barazani. Kwao wao, wanaoingia na gunia begani, mbele ni kule wanakoelekea. Hakuna aliyekosea Kiswahili. Lakini tulipoteza nusu siku, wapagazi wakadai walipwe kwa kupanga mara ya pili (na walikuwa na haki), dereva akatutolea maneno, na wiki nzima iliyofuata salamu ghalani zilikuwa za kulazimishana.

Nimekuwa karani wa ghala, kisha msimamizi wa zamu kwenye kiwanda kidogo cha kubangua korosho, yaani kuzitoa kwenye ganda gumu, hapa Mtwara. Nimeona magomvi mengi, na nikihesabu yale yaliyotokana na mtu mwenye roho mbaya, hayazidi vidole vya mkono mmoja. Mengine yote yalianzia kwenye neno ambalo mmoja alilisema nusu na mwingine akaitikia "sawa" kwa heshima. Haya ninayoyaandika ni kwa ajili ya msimamizi mpya, katibu wa chama cha msingi cha ushirika, mwenye kiwanda kidogo Masasi au Ruangwa, na hata wewe unayepokea maagizo tu. Anayefanya kazi ofisini, hospitali au dukani atabadilisha magunia aweke mafaili.

Jambo moja ulishike kabla hatujaanza. Timu ya msimu haina muda. Korosho zinaanza kuokotwa Septemba, minada inafunguka kuelekea Oktoba, na pilika zinaendelea mpaka mwaka mpya au zaidi kidogo. Watu 40 wasiojuana wanakutanishwa, na wakianza kuzoeana msimu umekwisha. Ofisi ya mwaka mzima inaweza kusubiri mazoea yajenge uelewano. Wewe huna nafasi hiyo, kwa hiyo hatua hizi zifuate kwa mpangilio wake, na mbili za kwanza zifanye siku ya kwanza ileile.

Hatua ya 1: Salimia, na ujue kila mtu anaitwaje

Msimamizi ana miaka 26, ana diploma yake. Wabanguaji wengi ni akina mama, wengine rika la bibi yake. Anaingia anasimama mlangoni, anapunga mkono, "Habari zenu jamani, kazi iendelee." Huyo ameshapoteza asubuhi.

Pita kwenye mabenchi. Shikamoo kwa anayestahili shikamoo, mmoja mmoja, hata kama wewe ndiye unayesaini malipo yake. Cheo hakipungui kwa shikamoo. Tena ukishaitikiwa "Marahaba, mwanangu," umeshapewa nafasi ambayo diploma haikupi: mama akikuita mwanangu, kukuacha uaibike kwa wakubwa wako kunamwia vigumu.

Chukua daftari, andika jina la orodha ya malipo, na pembeni yake andika anavyoitwa na wenzake. Kuna anayeitwa kwa jina la mtoto wake wa kwanza, kuna Bibi, kuna Mwalimu kwa sababu anafundisha madrasa jioni, kuna Fundi. Siku ya malipo usimwite mtu mzima kwa jina lake tupu mbele ya vijana kama unaita mtoto wa shule. Hili limeleta minuno mingi kuliko kiasi cha hela chenyewe.

Sasa na wewe uliyetoka mkoa mwingine, hapa nina neno lako. Zamani mtumishi akipangiwa kusini alipewa pole. Barabara ilikatika masika, na mpaka Daraja la Mkapa lilipofunguliwa 2003, Mto Rufiji ulivukwa kwa pantoni. Barabara imetengenezwa, lakini fikra ya "nimeletwa huku adhabu" wengine wanashuka nayo kwenye basi mpaka leo. Watu wanaiona usoni kwako kabla hujafungua mdomo. Na usianze kumcheka mtu kwa kusema "ntoto" au "nchele". Ukicheka mara moja, yule mama hatakwambia tena mashine inapolia vibaya. Atanyamaza asije akachekwa, na wewe utaiona hasara bila kujua ilikotoka.

Hatua ya 2: Maliza sentensi yako

Hii ndiyo hatua kubwa. Ukisoma hii tu ukaacha nyingine, bado utapata faida.

Agizo lililokamilika lina mambo matano: nani anafanya, anafanya nini hasa, wapi, mpaka lini, na tutajuaje kwamba imekwisha. Lile agizo langu la magunia lilikuwa na moja na nusu. Lilitakiwa liwe hivi: "Ninyi wanne, magunia 120 ya lori la kesho yapangeni hapa, kuanzia mlangoni kurudi ndani hatua 10, leo kabla ya saa 11 jioni. Mkimaliza niiteni nihesabu." Ni refu, ndiyo. Linachukua sekunde 15.

Kisha kuna maneno yetu ya kila siku ambayo mtaani hayana madhara lakini kazini yanauma. Haya ndiyo yaliyoniumiza mimi:

"Mbele" na "nyuma" nimeshayaeleza. Elekeza kwa kitu kinachoonekana: mlangoni, ukutani, kwenye mizani.

"Nakuja." Mtu anaondoka huku anasema anakuja. Sote tunajua maana yake ni kwamba atarudi, ila hakuna anayejua ni baada ya dakika 5 au kesho. Anayeacha mashine aseme anakwenda wapi na nani anamshikia.

"Sasa hivi." Kwa bosi ni sekunde hii, kwa fundi ni leo kabla ya jua kuzama. Taja saa.

"Saa 3." Mdomoni haina shida, inajulikana ni asubuhi au usiku. Kwenye ujumbe wa simu, ambapo saa yenyewe inaonyesha 9:00, na hasa mkiwa na fundi mgeni wa mashine au mnunuzi wa nje, nimeona mtu amekuja saa 9 alasiri kwa kikao cha saa 3 asubuhi. Andika daima asubuhi, mchana, jioni.

"Kidogo." Punguza mvuke kidogo, ongeza moto kidogo. Mpikaji wa korosho mwenye mkono mzito na mwenye mkono mwepesi wana vidogo tofauti. Sema dakika ngapi, au mshale wa kipimo ufike wapi.

"Wale." Waambie wale waje. Wapi? Nani?

Baada ya agizo, usiulize "Mmeelewa?" Hakuna mtu wa pwani mwenye adabu atakayemjibu mkubwa wake "Sijaelewa" mbele ya watu. Atasema sawa, kisha atamuuliza jirani yake, ambaye naye alisema sawa. Badala yake uliza swali ambalo "sawa" haiwezi kulijibu: "Mtaanza na lipi?" "Hayo magunia yatakaa upande gani?" "Tukipungukiwa nafasi mtafanyaje?" Akikujibu tofauti na ulivyokusudia, lichukue kosa wewe: "Aa, sikulisema vizuri, nilitaka hivi." Mara ya tatu au ya nne utaona wenyewe wanaanza kukuuliza kabla hujawauliza. Hapo timu imeanza.

Kuna pia sura ya kitenzi. "Leta!" na "Naomba ulete" zinaleta gunia lilelile, ila ya kwanza inakuja na kinyongo juu yake. Kwa kazi za kila siku tumia "naomba", "tuanze", "ulete". Ile amri kavu iweke akiba kwa ajili ya hatari, mkono umekaribia kisu, moto umeruka, mafuta ya ganda la korosho, yale yanayounguza, yamemrukia mtu jichoni. Waambie siku ya kwanza kabisa: "Mkinisikia natoa amri bila naomba, ujue kuna hatari, acheni kila kitu." Msimamizi anayefoka kutwa hana tena sauti ya kuonyea, siku moto utakaporuka watadhani ni kelele zake za kawaida.

Hatua ya 3: Dakika 10 za asubuhi

Kila siku, mkiwa mmesimama, kabla mashine hazijawashwa. Mkikaa, zitakuwa dakika 40. Sema mambo matatu: jana tulifanya kiasi gani, leo tunataka kiasi gani, na nini kimebadilika (mzigo wa shamba jingine, mtu kaumwa, umeme utakatika). Halafu uliza, "Jana nini kilituchelewesha?" na unyamaze. Kimya kitakuchoma. Kivumilie. Siku mbili za kwanza hakuna atakayesema. Ya tatu mmoja atasema visu ni butu. Ukivinoa siku hiyohiyo, ya nne watasema watano. Ukiviacha butu, wasahau.

Kwenye dakika hizo hakuna kumsema mtu. Hata kwa mafumbo. Hasa kwa mafumbo, maana huku mafumbo yanaeleweka haraka kuliko maneno ya wazi.

Hatua ya 4: Kabla ya kulaumu tabia, tazama mizani

Ukiona timu inanung'unika, usikimbilie kuandaa semina ya mtazamo chanya. Nenda kwenye mizani.

Sisi ni watu wa korosho. Mkulima wa hapa amekua akisikia habari za kangomba, wale wanunuzi wa magendo, za karani aliyepunja, za gunia lililopimwa kilo pungufu. Mfumo wa stakabadhi ghalani, ambapo mkulima anapeleka korosho ghalani, anapewa stakabadhi na zinauzwa mnadani, ulioanza kutumika kwenye korosho mwaka 2007, ulikuja kwa sehemu kwa sababu ya hofu hizo, na haukuziondoa zote. Mbanguaji wako ni binti wa mkulima huyo, tena huenda ana mikorosho yake mwenyewe. Anapolipwa kwa kilo, na mizani imegeukia upande wa karani, moyo wake haujatulia hata kama karani ni malaika.

Fanya hivi. Geuza mizani ili anayepimiwa asome yeye, kwa sauti. Karani aandike kwenye daftari la kiwanda, naye aandikiwe kwenye kijidaftari chake, papo hapo. Asiyejua kusoma achague mtu wake wa kumsomea, asiwe karani. Kila asubuhi jiwe la kilo linalojulikana liwekwe juu ya mizani watu wakiona. Kwenye kiwanda chetu hili lilichukua siku mbili kulipanga, na manung'uniko ambayo nilikuwa nimeyaita "uvivu wa kitengo cha kumenya" yakapungua kwa kiasi ambacho kilinitia aibu.

Vivyo hivyo saa za kazi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inaweka ukomo wa kawaida wa saa 45 kwa wiki na 9 kwa siku, inataka mapumziko ya dakika 60 kwa aliyefanya kazi zaidi ya saa 5 mfululizo, na saa za ziada zilipwe mara moja na nusu ya kawaida. Mama anayenyonyesha ana haki ya kupewa muda wa kunyonyesha mpaka saa 2 kwa siku. Ukiwa umekula muda wao wa chakula, usishangae wakikujibu kwa mkato. Hiyo siyo tabia, ni njaa. Ijumaa panga mapumziko yaangukie swala, na Ramadhani ikiangukia msimu, anzeni mapema mtoke mapema. Nimeona wasimamizi wanagombana na adhana mwaka mzima wakati kusogeza saa moja kungemaliza kazi.

Hatua ya 5: Kukosoa bila kuvunja

Kubangua ni kazi ya umakini. Korosho karanga, yaani kiini chenyewe, ikitoka nzima ina bei, ikivunjika bei inashuka. Kwa hiyo lazima utakosoa, kila siku. Swali ni namna.

Tuseme trei ya mama mmoja imejaa vipande. Njia mbaya, niliyoitumia mimi, ni kuinyanyua ile trei watu waone: "Mbona wewe kila siku unavunja?" Angalia makosa matatu yaliyomo kwenye maneno matano. "Mbona" haiulizi, inashitaki. "Wewe" inamtenga na wenzake. "Kila siku" ni uongo, naye anajua ni uongo, kwa hiyo badala ya kufikiria korosho anafikiria siku ambazo hakuvunja.

Njia nyingine. Subiri apumzike, au msogelee mkae pembeni, siku hiyohiyo, usilale nalo.

"Mama, nimepita kwenye trei yako ya saa 4, nimeona vipande vimezidi vya jana. Kuna nini leo?"

Kisha nyamaza. Mara nyingi jibu litakuwa jambo ambalo hukulijua: "Hizi za leo ngumu, mwanangu, zimetolewa kwenye mvuke mapema." Au mkono umeungua na mafuta ya ganda kwa sababu glavu zimetoboka. Au mtoto anaumwa nyumbani, hakulala. Na wakati mwingine ni haraka tu, anakimbizana na kilo. Sasa mnazungumza kuhusu mvuke, glavu au haraka, wala siyo kuhusu yeye kuwa mtu gani. Malizia kwa kukubaliana jambo moja, moja tu: "Basi leo mchana tupunguze mwendo, jioni tuhesabu tena vipande." Na jioni uende kweli ukahesabu.

Sifa nazo zina adabu yake. Vitabu vya uongozi vinasema msifie mtu mbele za watu. Kwa uzoefu wangu huku, kumnyanyua mmoja mbele ya 40 kunamletea maneno na macho ambayo hakuyaomba. Kikundi kisifie hadharani, mtu msifie akiwa peke yake, au msifie kwa mume wake au dada yake ukikutana nao sokoni. Hiyo ya mwisho inafika nyumbani kabla yake na haimgharimu chochote.

Hatua ya 6: Vitengo viwili vinapolaumiana, wabadilishane benchi

Korosho inapita mikono mingi: mvuke, kubangua, tanuri la kukaushia, kumenya lile ganda laini, kupanga madaraja. Kosa la mmoja linaonekana kwa mwingine. Ikipata mvuke mchache, ganda ni gumu na kisu kinapasua karanga. Ikikaa tanurini mno, inakauka kupita kiasi na kuvunjika mikononi mwa wamenyaji. Ikikaa kidogo, ganda laini linang'ang'ania na mmenyaji anapata nusu ya kilo alizozoea. Sasa weka juu yake kwamba wamenyaji wanalipwa kwa kilo na mtu wa tanuri analipwa kwa siku. Hapo ugomvi umejengwa na mfumo wenyewe, hata ukiajiri watu wapole namna gani.

Tulikuwa na mwaka ambao wamenyaji na watu wa tanuri hawali pamoja. Chini ya mkorosho huu wanakaa hawa na ugali wao wa muhogo na kisamvu, chini ya ule wanakaa wale. Nilijaribu kikao, kikawa uwanja wa kurushiana. Mwishowe nilichofanya ni hiki: mtu mmoja wa tanuri akakaa benchi la kumenya kutwa nzima, na mmenyaji mmoja akashinda tanurini. Yule kijana wa tanuri alimenya kilo chache za kuchekesha, vidole vikamuuma, na jioni akauliza mwenyewe ni trei zipi zilikuwa zinang'ang'ania. Yule mama naye akaona kwamba trei za chini haziivi sawa na za juu, na kwamba kijana hana saa ya kupimia, anakisia. Tulinunua saa ya ukutani. Kisha tukakubaliana trei zigeuzwe katikati ya muda. Kwa hiyo badala ya kikao cha tatu cha kupatana, jaribu kwanza kubadilishana kutwa moja, na anayekwenda awe yule anayelalamika kwa sauti kubwa zaidi. Hakikisha tu siku hiyo mmenyaji halipwi pungufu ya alivyozoea, la sivyo umeongeza ugomvi wa tatu.

Hatua ya 7: Utani, na kundi la WhatsApp

Utani wa makabila ni mali yetu, na timu yenye watani inacheka hata siku ya magunia 500. Uache uishi. Mipaka ni miwili. Utani ni wa pande mbili: anayetania lazima aweze kutaniwa, ndiyo maana bosi akimtania kibarua siyo utani. Na aliyesema "leo acha", anaachwa, bila kuulizwa sababu.

Kundi la simu liwe la matangazo: muda, zamu, mzigo, msiba. Hakuna kumkemea mtu mle, hakuna kumjibu aliyekukera mle. Sauti ya maandishi haina tabasamu. Ukikasirika, piga simu au subiri asubuhi. Na kumbuka wengi wana simu za batani. Tangazo lililowekwa kwenye kundi pekee halijatolewa.

Hatua ya 8: Ukiwa wewe ndiye wa chini

Huwezi kumbadilisha bosi, ila unaweza kumpunguzia nafasi ya kukosea juu yako. Akikupa agizo nusu, usiseme sawa, mrudishie: "Kwa hiyo nianze na hizi za Tandahimba, niziweke mlangoni, nimalize kabla ya saa 8 mchana, siyo?" Hiyo siyo ubishi, na hata bosi mkali hawezi kuona kosa ndani yake.

Ukiwa na habari mbaya, ipeleke mapema, na upeleke pamoja na unachopendekeza. "Bosi, mashine ya pili imeanza kutoa moshi, nimeizima, naomba fundi aitwe, wakati huo watu wake wakae kwenye kuchambua." Habari mbaya ya asubuhi ni tatizo, ileile ikisemwa jioni ni uzembe.

Usimseme mwenzako kwa bosi kabla hujamwambia yeye. Mwambie kwa "mimi": "Ukichelewa kunipokea zamu, mimi nakosa daladala la mwisho." Aseme samahani au asiseme, umeshamwambia jambo ambalo pengine hakulijua.

Hatua ya 9: Ugomvi ukishatokea

Dalili ya kwanza siyo kelele. Ni kununa na kususa: "sawa" inakuwa fupi, kazi inafanyika taratibu bila kosa la kushika, chakula kinaliwa mbalimbali. Ukiona hivyo usisubiri wiki.

Waone mmoja mmoja kwanza. Usiulize nani alianza. Kila mmoja ana historia yake na zote mbili ni ndefu. Uliza: "Unataka kuanzia kesho iweje?" Andika jibu. Mara nyingi utakuta majibu ya wote wawili yanakaribiana kuliko wanavyodhani. Ndipo uwakutanishe, pamoja na mtu mzima wanayemheshimu wote wawili, asiye ndugu wa yeyote. Mnaongea yale ya kuanzia kesho tu. Mkikubaliana, andika mistari miwili kwenye daftari wasaini. Maandishi yanawasaidia wao wenyewe: mwezi ujao hakuna wa kusema hakusema.

Kuna mambo hayasuluhishwi chini ya mwembe. Kupiga mtu, wizi, na msimamizi kudai penzi ili ampe mtu zamu au kilo. Hilo la mwisho ni rushwa ya ngono, ni kosa chini ya Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007, na mahali pake ni TAKUKURU. Usimwite mama wa watu akae meza moja na mtu huyo eti wapatane.

Migogoro ya kazi iliyoshindikana ina mlango wake, Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, na lalamiko la kuachishwa kazi isivyo haki linatakiwa lifike ndani ya siku 30. Ila sehemu hiyo ya sheria haimlindi aliyefanya kazi chini ya miezi 6 kwa mwajiri huyohuyo, na watu wengi wa msimu wako humo. Ndiyo maana msimamizi wa msimu anatakiwa awe mwangalifu zaidi ya wa ofisini: unaweza kumfukuza mtu bila kumsikiliza na usiulizwe na yeyote. Msikilize hivyohivyo, mbele ya shahidi anayemchagua yeye. Wale 39 waliobaki wanatazama.

Na msiba. Sheria inataja siku 4 zenye malipo anapofariki mtoto, mwenzi, mzazi, babu au bibi, mjukuu au ndugu wa tumbo moja. Haimtaji jirani wala shangazi wa Nachingwea. Lakini hapa mtu asiyezika hazikwi. Kubalianeni mapema, siku ya kwanza: kwa msiba usio wa sheria, wangapi wanaruhusiwa kutoka kwa pamoja, nani anashika nafasi zao, na mchango unakusanywa na nani. Mkingoja mpaka msiba utokee, mtabishana huku watu wanalia.

Hatua ya 10: Siku ya kufunga msimu

Wengi wanaiacha hii, wanalipa na kuzima taa. Lipa kwanza, mpaka shilingi ya mwisho, wakati watu bado wako pale na madaftari yao. Kisha keti na kila kitengo kwa robo saa, uliza: nini turudie mwaka ujao, nini tuache, na je, utarudi? Andika maneno yao kama walivyoyasema, na namba za simu za wanaorudi. Daftari hilo ndilo litakaloiokoa Hatua ya 1 ya msimu unaofuata, kwa sababu nusu ya watu utakuwa unawajua tayari.

La mwaka jana ninalo hapa mezani. Mmoja kasema glavu zije kabla ya korosho. Mwingine kasema karani apunguze kutafuna jojo anapopima. Na yule mama niliyemnyanyulia trei, ambaye nilidhani hatarudi, kasema atarudi, ila niandike kwamba benchi lake lisiwe karibu na tanuri, miguu inamvimba. Nimeandika, na chini yake nimemchorea palipo benchi jipya, hatua tatu kutoka mlangoni, ili atakayepanga mabenchi asiniambie hakujua mbele ni wapi.